Skinner: Msomi aliyepinga kiboko darasani
BURRHUS Frederic Skinner alizaliwa Machi 20, 1904 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alitamani uandishi wa riwaya, akashindwa, ndipo akageukia saikolojia. Kwa kutumia panya, kisha njiwa, alionyesha kuwa kitendo kinachotuzwa papo hapo hurudiwa.

Mnamo 1953 alizuru darasa la hisabati la bintiye, akaudhika. Watoto walifanya hesabu bila kujua upesi iwapo wamepata au wamekosa. Punde akaunda mashine ya kuwajulisha mara moja.

Wakosoaji walidai alimfananisha mtoto na njiwa, lawama isiyokosa msingi. Hata hivyo, alishikilia kuwa adhabu hufifisha kosa kwa muda tu.

Alifariki Agosti 18, 1990, siku nane baada ya kuwahutubia wanasaikolojia wenzake.