Yeremia, Nabii Aliyeulilia Mji Wake

Yeremia alizaliwa Anathothi, kijiji cha makuhani, mwendo wa kama saa moja kwa miguu kutoka Yerusalemu. Yapata mwaka 627 kabla ya kuzaliwa Kristo, naye angali kijana, Mungu alimwita awe nabii. Alitoa udhuru wa utoto wake, lakini haukukubaliwa. Kazi aliyopewa ilikuwa chungu: kuwaambia watu wake kwamba wasipoacha kuabudu sanamu na kuwaonea wanyonge, mji wao utaangamizwa, na Hekalu pamoja nao.

Watu hawakumsadiki. Walidhani kwamba maadamu Hekalu lipo, hapana adui awezaye kuingia. Mfalme Yehoyakimu aliposomewa maneno ya Yeremia, yaliyoandikwa na karani Baruku, alikuwa ameketi mbele ya makaa, maana ilikuwa wakati wa baridi. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu nne, zilikatwa kwa kisu zikatupwa motoni, hata gombo lote likateketea. Basi Yeremia akamwita Baruku, wakaliandika upya, refu kuliko la kwanza.

Baadaye, zamani za mfalme Sedekia, Nebukadreza wa Babeli aliuzingira mji. Yeremia akashauri wajisalimishe, ili watu wasife na mji usichomwe. Fikirini jinsi neno hilo lilivyosikika kwa askari waliokuwa ukutani na njaa! Wakuu wakamwita msaliti, wakamshusha kwa kamba katika shimo lisilo na maji, akazama matopeni. Aliyemwokoa hakuwa ndugu yake, bali Mwafrika, Ebedmeleki, Mkushi mtumishi wa nyumba ya mfalme. Huyu alimwendea mfalme bila hofu akamwombea. Alipopewa ruhusa, akakusanya matambara ya nguo kuukuu, akamwambia Yeremia ayatie makwapani, kamba zisimchubue. Mimi naipenda sana habari hii ya matambara; mtu mwingine mwenye haraka asingaliyakumbuka.

Katika kuzingirwa huko Yeremia alinunua shamba la binamu yake huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, hati ikawekwa katika chombo cha udongo. Nchi yote ilikuwa mikononi mwa adui, lakini aliamini kwamba siku moja watu watanunua mashamba tena.

Yapata mwaka 586 ukuta ulibomolewa. Hekalu, nyumba ya mfalme na nyumba za watu zikachomwa moto, na wengi wakachukuliwa mateka mpaka Babeli. Sisi Washambaa twaweza kuufahamu kidogo msiba huo tukiukumbuka Vuga, mji wa wafalme Wakilindi, uliochomwa moto katika vita vya karne ya 19 baada ya kufa Kimweri. Ila Vuga uliunguzwa na ndugu, Yerusalemu na wageni.

Maneno ya Yeremia yalikuwa yametimia, wala hakufurahi. Jemadari wa Babeli alimpa hiari: aende Babeli akatunzwe vema, au akae apendapo. Akachagua kukaa na maskini waliosalia nchini. Hatimaye watu hao walikimbilia Misri, wakamchukua naye, ingawa aliwakataza kwenda. Huko habari zake zakoma.

Hekalu lilijengwa tena, na Warumi wakaliteketeza mwaka 70 baada ya Kristo. Wayahudi husema kwamba mahekalu yote mawili yaliungua tarehe moja, siku ya 9 ya mwezi wao wa Ab, ambao huangukia Julai au Agosti. Misiba mingine waliiunganisha na siku hiyo, kama kufukuzwa kwao Hispania mwaka 1492. Katika nchi ya Yeremia miezi hiyo ni ya joto kali, si ya baridi kama kwetu Mtae. Hata hivyo wafungao hawanywi hata maji, tangu jua kuchwa mpaka usiku wa kesho yake. Huvua viatu vya ngozi, hawasalimiani, nao huketi chini, na kwa mwanga hafifu husoma Maombolezo, kitabu ambacho kwa mapokeo yao kiliandikwa na Yeremia.