Thomas Cromwell: Mtoto wa mhunzi aliyeingia kisima alichokichimba

Na Mwandishi Wetu

JULAI 28, 1540, katika kilima cha Tower Hill jijini London, Thomas Cromwell alikatwa kichwa kwa shoka mbele ya umati wa watu. Siku hiyo hiyo, Mfalme Henry VIII, ambaye Cromwell alimtumikia kwa takriban miaka kumi, alifunga ndoa na mke wake wa tano, Catherine Howard.

Miezi mitatu tu kabla ya hapo, mfalme huyo huyo alikuwa amemvika Cromwell cheo cha Earl wa Essex, kimojawapo cha vyeo vikubwa vya makabaila wa Uingereza.

Cromwell alizaliwa karibu mwaka 1485 huko Putney, kilichokuwa kijiji kando ya Mto Thames, nje ya London. Baba yake, Walter, alikuwa mhunzi na mpika bia, aliyetozwa faini mara kwa mara na baraza la eneo hilo kwa kukiuka kanuni za uuzaji wa pombe.

Katika Uingereza ya enzi hizo, mtoto wa kabaila alirithi ardhi na cheo, naye mtoto wa mhunzi alirithi nyundo.

Kijana huyo aliikataa nyundo. Aliondoka nchini angali mdogo, akaishi Italia na katika mji wa biashara wa Antwerp, akajifunza lugha, biashara na sheria. Aliporejea London alimwoa Elizabeth Wykys, akajijengea jina kwa biashara ya nguo na uwakili.

Aliyemwinua kwanza alikuwa Kardinali Thomas Wolsey, waziri mwenye nguvu kuliko wote katika utawala wa Henry, naye akiwa mtoto wa muuza nyama wa mji wa Ipswich. Cromwell aliingia katika utumishi wake katika miaka ya 1520.

Mwaka 1529 Wolsey alianguka. Alishindwa kumshawishi Papa abatilishe ndoa ya mfalme na Catherine wa Aragon, akavuliwa madaraka. Alifariki Novemba 1530 akiwa njiani kupelekwa London kujibu mashtaka ya uhaini. Katika kipindi hicho hicho, Cromwell alimpoteza mkewe na binti zake wawili.

Wengi walidhani angezama pamoja na bwana wake. Badala yake alipata kiti bungeni, na kufikia mwaka 1531 alikuwa miongoni mwa washauri wa mfalme.

Alileta dawa ambayo Wolsey hakuthubutu kuigusa: kama Papa anakataa, basi Bunge liondoe mamlaka ya Papa. Sheria ya mwaka 1533 ilizuia rufaa kupelekwa Roma, na ile ya mwaka 1534 ikamtangaza mfalme kuwa Mkuu wa Kanisa la Uingereza. Henry akampata Anne Boleyn, naye Cromwell akapata vyeo.

Mwaka 1534 alikuwa Katibu wa Mfalme. Mwaka 1536 akawa Mtunza Muhuri wa Mfalme na kupewa cheo cha Baron. Kati ya mwaka huo na 1540, nyumba za watawa zipatazo 800 zilifungwa na ardhi yake kuchukuliwa. Sehemu ya mali hiyo iliishia mikononi mwake.

Si yote aliyoyafanya yalikuwa ya kujinufaisha. Mwaka 1538 aliagiza kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko, na kila kanisa liwe na Biblia ya Kiingereza.

Lakini wanyonge walimjua kwa sura nyingine. Alipokuwa akijenga jumba lake mtaa wa Throgmorton, uzio ulisogezwa futi 22 ndani ya viwanja vya majirani, bila fidia wala taarifa. Kijumba kilichokuwa katika bustani ya jirani mmoja kilisukumwa kwa magogo hadi pembeni. Jirani huyo aliendelea kulipa kodi ile ile kwa kiwanja kilichopunguzwa. Mwanawe, John Stow, aliyekuja kuwa mwanahistoria wa London, ndiye aliyeiandika habari hiyo.

Hatari zaidi ilikuwa silaha aliyoizoea: sheria ya Bunge iliyomtaja mtu kwa jina na kumhukumu bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1534 ilitumika dhidi ya mtawa Elizabeth Barton, aliyeipinga ndoa mpya ya mfalme. Mwaka 1539 ilimnasa bibi mzee wa ukoo wa kifalme, Margaret Pole. Wote wawili waliuawa.

Kisha likaja kosa la Cromwell mwenyewe. Alipanga ndoa ya mfalme na Anne wa Cleves kutoka Ujerumani, kwa ajili ya kutafuta washirika. Ndoa ilifungwa Januari 1540, lakini Henry hakumpenda bibi harusi tangu siku ya kwanza.

Maadui wake, wakiongozwa na Duke wa Norfolk, ami yake Catherine Howard, waliona mlango umefunguka. Juni 10, siku 53 tu baada ya kupewa cheo cha Earl, Cromwell alikamatwa katika mkutano wa baraza la mfalme. Norfolk mwenyewe alimvua mkufu wa heshima shingoni.

Akiwa katika Mnara wa London alimwandikia mfalme kumwomba rehema. Kesi haikusikilizwa. Bunge lilipitisha sheria iliyomtaja kwa jina na kumhukumu kwa uhaini na uzushi wa dini, kama ilivyokuwa kwa wale waliomtangulia. Mchimba kisima aliingia mwenyewe.

Mwaka uliofuata, balozi wa Ufaransa aliripoti kwamba Henry aliwalaumu washauri wake kwa kumfanya amuue mtumishi mwaminifu kuliko wote aliopata kuwa nao. Majuto hayo yalikuwa ya mjukuu.

Jumba la Throgmorton lilitwaliwa na mfalme na kuuzwa mwaka 1543 kwa chama cha wafanyabiashara wa nguo wa London. Hadi leo ukumbi wa chama hicho uko hapo hapo, katika eneo ambalo Cromwell alilipanua kwa kusogeza uzio.