Mwalimu Nyerere na mji wa waendao kwa miguu

MSAFIRI atokaye Singida kwa basi, akishapita Manyoni na Bahi, huingia Dodoma, mji uliokuwa makao makuu ya Jimbo la Kati kabla Singida haijawa mkoa mwaka 1963. Ni wachache wanaokumbuka kuwa mji huo ulichorwa upya kwa kumfikiria kwanza mtu asiye na gari. Aliyesimama nyuma ya ramani hiyo ni Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama, Aprili 13, 1922, akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alipotimiza miaka 12 alikwenda kwa miguu kuanza shule ya Mwisenge, Musoma, umbali upatao kilometa 40. Tabora, Makerere, Edinburgh, kisha ualimu Pugu alioucha mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, hayo yanafahamika.

Kutembea hakukuacha hata alipokuwa Rais. Oktoba 1967 alitoka Butiama hadi Mwanza kwa miguu, zaidi ya kilometa 200, kuunga mkono Azimio la Arusha.

Ndiye aliyekuwa Ikulu TANU ilipoamua, Oktoba 1973, kuhamishia makao makuu Dodoma. Ramani iliandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ikakamilika mwaka 1976. Ilifuata siasa ya Ujamaa. Badala ya barabara pana za gwaride na majengo ya fahari, mji uligawanywa katika jumuiya, kila moja na shule, soko na zahanati ambavyo mama mwenye mtoto mgongoni angevifikia bila nauli. Njia za miguu na baiskeli zilitenganishwa na za magari, mabasi yakachorewa njia yao peke yake, na gari binafsi likawekwa mwisho. Miji mingi ya nchi tajiri wakati huo ilikuwa ikibomoa mitaa ili magari yapite.

Ramani hiyo haikukosa kasoro. Jumuiya zilitawanywa mno, zikiachana kwa maeneo makubwa ya wazi. Katika jua la Dodoma, mji wa watembeao unapotanda hivyo humchosha yule yule uliyekusudiwa kumsaidia.

Kilichoukwamisha zaidi ni fedha. Bei ya mafuta ilipanda, vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 hadi 1979 vikakausha hazina, na Mwalimu alipong'atuka mwaka 1985 wizara nyingi zilikuwa bado Dar es Salaam.

Alifariki London, Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, chini ya Rais John Magufuli, ambaye mwaka uliofuata aliivunja Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Njia ya mabasi iliyochorwa mwaka 1976 ilikuwa ingali kwenye karatasi.