Kapiteni Joubert, baba wa wasio na baba

Katika furaha ya Jubilei hii tunawakumbuka wengi waliotutangulia katika imani. Mmoja wao hakuwa padri wala bruda, wala makao yake hayakuwa Kasongo wala Kabambare. Hata hivyo maisha yake hayatengani na njia ya misafara iliyopita katika nchi yetu. Huyo ni Kapiteni Léopold Joubert.

Alizaliwa mwaka 1842 huko Saint-Herblon, Ufaransa. Mwaka 1860 akaingia katika jeshi la Papa Pius IX, katika askari walioitwa Wazuavu, akajeruhiwa katika vita vya Castelfidardo. Roma ilipotekwa mwaka 1870, jeshi hilo likavunjwa. Miaka kumi baadaye, Kardinali Lavigerie alipotafuta walei wa kuwalinda wamisionari wake, Joubert akajitolea, akasafiri nao hadi ziwa Tanganika.

Wazee wetu waliijua sababu ya ulinzi huo. Kutoka Nyangwe na Kasongo, kupitia Kabambare, misafara ya pembe na watumwa ilishuka ziwani, ikavuka kwenda Ujiji, kisha Tabora na pwani. Kijiji kikivamiwa, wanaume wengi waliuawa, wanawake na watoto wakafungwa kamba. Mapadri Weupe waliwakomboa watoto kadiri walivyoweza, wakawalea huko Kibanga, katika Ubwari, na huko Mpala.

Lakini mtoto aliyekombolewa hakuwa bado amepata baba. Kwa desturi zetu, baba ndiye anayempa kijana ukoo, anayemwonyesha shamba, anayemsemea mbele ya wazee na kumtafutia mali ya kuoa. Yatima wa Kibanga au Mpala angesemewa na nani? Hapo tunatambua ukubwa wa Joubert. Alirudi kutoka Ulaya, akafika Mpala mwaka 1887, kisha akakaa Saint-Louis ya Mrumbi. Bunduki yake iliwazuia watu wa Rumaliza. Lakini vita vikitulia, aliamua magomvi, alitibu wagonjwa, alifundisha katekisimu. Waliokombolewa walipata mashamba, wakaoa, wakajenga vijiji vya Kikristu. Wavulana wakaona kwa macho yao jinsi mwanaume mwenye nguvu anavyoweza kuishi bila kuwatesa wadogo.

Wala hakuwa mgeni wa kupita. Mwaka 1888 alifunga ndoa na Agnès Atakaye, binti wa nchi ile, na wawili kati ya wana wao wakawa mapadri. Kasongo ilitekwa na majeshi ya Serikali ya Leopold mwezi wa nne 1893, na Kabambare mwezi wa kwanza 1894. Misafara ikakoma, ingawa utawala huo mpya nao ulileta mateso yake. Kazi ya askari ilikuwa imekwisha. Joubert angeweza kurudi kwao kwa heshima. Lakini alibaki miaka zaidi ya thelathini, hata uzeeni alipopofuka macho, akafariki karibu na Moba tarehe 27 mwezi wa tano 1927, mwenye umri wa miaka 85.

Ndugu wapendwa, tusimsifu marehemu tu. Vita vilivyoanza mwaka 1996 na fujo zilizofuata viliacha nyumba nyingi za Kasongo na Kabambare bila baba. Tunawaona vijana wanaoacha masomo na kushuka katika mashimo ya dhahabu upande wa Salamabila. Wengine waliitwa na wenye silaha, kwa kuwa hakuna mwanaume mwingine aliyewaita. Wahenga walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Harakati ya Xaveri, iliyoanzishwa na Padri Georges Defour huko Bukavu mwaka 1952, imeonyesha kwamba vijana humfuata mkubwa anayekaa nao. Kazi hiyo haidai mali nyingi. Inadai mwanaume mmoja amjue kijana mmoja kwa jina, amchukue shambani, amuulize habari za shule, amsemee penye shida, wala asichoke baada ya mwezi mmoja.

Yatima wa jirani Mwislamu naye ni mtoto wetu. Mungu, Baba wa yatima, atujalie katika parokia hii wanaume wanaobaki.