Seyyid Barghash na Sanaa ya Kukopa

Mwanafunzi anayeagizwa kubuni kiti, nyumba au vazi huuliza wazo jipya hupatikana wapi. Aghalabu hulitafuta vitabuni, ilhali sisi wakazi wa Kakamega tumezungukwa na msitu wenye majani ya kila umbo na ngoma ya isukuti inayochezwa mbele ya macho yetu. Maisha ya Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi alipofariki 1888, yanatupa jibu, na pia onyo.

Mwaka 1859 Barghash alimwasi nduguye, Sultani Majid. Alishindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay, alikokaa yapata miaka 2. Majengo aliyoyasimamisha baadaye yanashuhudia kwamba macho yake hayakulala huko. Alipotwaa kiti cha enzi, misukosuko ilimwandama. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, na tarehe 5 Juni 1873, kwa shinikizo la Uingereza, alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Mwaka 1875 alizuru Uingereza na Ufaransa, akajionea mengine mengi ya kuigwa.

Matunda ya safari hizo ni dhahiri. Huko Marahubi, nje ya mji, alijenga kasri lililokamilika 1882, lenye miembe na ukuta mkubwa ambao husemekana aliuiga kutokana na bustani za Kiingereza. Mwaka 1883 likasimama Beit al-Ajaib, jumba lenye nguzo za chuma kutoka ng'ambo. Hata hivyo, kuta zake ni za mawe ya matumbawe, milango yake ina nakshi za mbao, na roshani zake pana zinakinga jua kali na mvua ya pwani.

Hapa mwanaisimu hana budi kutabasamu. Kiswahili nacho kilijenga nyumba yake vivyo hivyo. Dirisha na bustani tulivipata kwa Waajemi, meza kwa Wareno na kabati kwa Waingereza. Hakuna anayeyaita maneno hayo ya kigeni leo, kwa kuwa yameingia katika ngeli zetu na kutii sauti zetu. Jengo nalo huwa letu linapotii jua letu, mvua yetu na mikono ya mafundi wetu.

Muziki ulifuata njia hiyo hiyo. Husimuliwa kwamba Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza ala, na taarabu ikaanza kusikika katika kasri kwa Kiarabu. Baadaye Siti binti Saad aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda kurekodi nyimbo zake Bombay, mji ule ule uliompokea Barghash akiwa mhamishwa.

Onyo nalo halifai kufichwa. Fahari ile ililipiwa na ushuru wa forodha na karafuu, na karafuu zilivunwa kwa jasho la watumwa. Mkataba wa 1873 uligusa biashara ya watumwa tu. Utumwa wenyewe haukufutwa Zanzibar hadi 1897, miaka 9 baada ya Barghash kufariki. Mwalimu anayesifu nguzo za Beit al-Ajaib bila kutaja mashamba yaliyozilipia anafundisha nusu ya somo.

Tena, kitu kizuri hakijitunzi. Kasri la Marahubi liliteketea 1899, likabaki magofu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu 2 wakapoteza maisha. Jumba lililostahimili mizinga ya Waingereza mwaka 1896 liliangushwa na uchakavu.

Walimu wenzangu, tuwatoe wanafunzi madarasani. Wachore mizizi ya miti ya msituni, wachunguze kigoda cha bibi kilivyochongwa, wafuatilie mwendo wa wachezaji wa isukuti, kisha wabuni chao. Kukopa si aibu. Lakini kila mchoro uambatane na maswali mawili: nimeirekebishaje kazi hii iwafae watu wa kwetu, na ni nani atakayeilipia kwa jasho lake? Barghash alilijibu la kwanza kwa ustadi mkubwa. La pili aliwaachia wengine walijibu, nasi tungali miongoni mwao.