Tabibu Aliyewaita Wagonjwa Wake Warudi

Mwananchi wa Visiwani akisikia habari za rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, huwaza watu wa bara na milimani. Dhana hiyo ilivunjwa na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006, uliokuta upungufu wa madini joto Unguja na Pemba, ingawa samaki tunao. Kwa hiyo maisha ya Theodor Kocher, aliyezaliwa Bern, Uswisi, mwaka 1841, yanatuhusu.

Katika nchi yake ya milima rovu lilikuwa jambo la kila siku, na kulikata kulihofiwa, kwani wengi walikufa kwa kuvuja damu au kwa jeraha kuoza. Kocher, aliyepata uprofesa mwaka 1872, alishika usafi, akafunga mishipa ya damu kwa uangalifu, akakata bila papara. Vifo vikashuka hata chini ya mmoja katika kila wagonjwa 100.

Lakini heshima yake kubwa, kwa maoni yetu, haimo katika kisu. Mwaka 1882 Jacques-Louis Reverdin wa Geneva alimweleza kwamba waliotolewa tezi nzima walikuwa wakidhoofika baadaye. Kocher angeweza kunyamaza. Wagonjwa wake walikwisha kwenda zao wakishukuru. Yeye aliwaita warudi. Kati ya 18 wa namna hiyo aliowachunguza, 16 walikuwa wameharibika: nyuso zimevimba, mwendo mzito, fikra zimefifia. Msichana mmoja aliyemkata mwaka 1874 alikuwa amedumaa. Mwaka 1883 Kocher aliyatangaza hayo Berlin mbele ya madaktari wenziwe, akaacha kuondoa tezi nzima pasipo saratani.

Viongozi wa afya na watazame hapo: hesabu ya waliotoka hospitali wakitembea haitoshi.

Kutokana na msiba ule kazi ya tezi ilieleweka. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle alimtibu mgonjwa kwa maji ya tezi ya kondoo. Leo ni kidonge. Kivimbe cha tezi nacho sasa hupimwa kwanza kwa damu, kwa picha ya mawimbi ya sauti, na ikibidi kwa sindano nyembamba inayochota chembe. Vingi si saratani, wala havihitaji kisu.

Kocher alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909, wa kwanza miongoni mwa wapasuaji. Alifariki mwaka 1917, miaka 5 kabla Uswisi haijaanza kutia madini joto katika chumvi.