Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeichorea ramani saratani ya watoto

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

MTOTO mwenye uvimbe wa taya anapofikishwa hospitalini, iwe kandokando ya Ziwa Victoria au katika pwani ya Bahari ya Hindi, mojawapo ya maradhi ambayo madaktari huyafikiria ni saratani inayobeba jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefariki dunia Machi 23, 1993 akiwa na umri wa miaka 82.

Burkitt hakuwa mtu wa maabara. Alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland, akapoteza jicho la kulia akiwa na miaka 11, na alianza kusomea uhandisi mjini Dublin kabla ya kuugeukia udaktari. Upungufu huo wa jicho ulimkosesha kazi alipoiomba kwa mara ya kwanza katika makoloni. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyomfikisha Afrika Mashariki akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 aliajiriwa Uganda, kwanza Lira na baadaye Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, Dk. Hugh Trowell alimwonyesha mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote nne. Wiki chache baadaye, mjini Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye hali ile ile, huyu akiwa pia na uvimbe tumboni. Alipopekua kumbukumbu za hospitali aliona kuwa vivimbe vilivyokuwa vikiandikwa kwa majina tofauti vilikuwa ugonjwa mmoja, akautangaza kwa wanataaluma wenzake mwaka 1958.

Swali lililomsumbua ni kwa nini ugonjwa huo ulionekana sehemu fulani na kukosekana kwingine. Mwishoni mwa 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru, yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson waliingia katika gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki 10 walisafiri takriban maili 10,000 mashariki na kusini mwa Afrika, wakiwaonyesha madaktari wa hospitali karibu 60 picha za wagonjwa na kuuliza iwapo wamewahi kuona jambo kama hilo.

Majibu yalizaa ramani. Ugonjwa ulifuata joto na mvua: uliyakwepa maeneo ya milima yenye baridi na nchi kame. Kwa vipimo hivyo, uwanda wa kati wa Tanzania ulikaa karibu na ukingo. Dodoma, yenye mwinuko wa takriban mita 1,100, ina joto la kutosha, lakini mvua yake ya milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka ni haba ikilinganishwa na ya mwambao wa ziwa. Baadaye ilieleweka kuwa mpaka huo ulikuwa kivuli cha malaria kali ya mfululizo.

Mwanzoni mwa mwaka huo wa 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara mjini London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vilianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuona ndani ya seli zake kirusi kipya, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Hata hivyo, kirusi hicho huishi katika miili ya watu wengi duniani bila kuwadhuru. Kwa hiyo peke yake hakikutosha kuwa jibu.

Sehemu kubwa ya jibu ilipatikana mwaka 1982. Seli yenye afya haijiamulii kukua. Husubiri vichocheo vya ukuaji kutoka nje, ambavyo hunasa kwenye vipokezi vya utando wake na kupeleka ujumbe hadi kwenye kiini, ambako jeni iitwayo MYC huamshwa. Ujumbe ukikoma, jeni hulala. Na seli iliyonyimwa ujumbe kwa muda mrefu huweza kufa.

Katika saratani ya Burkitt, kipande cha kromosomu namba 8 chenye jeni hiyo hukatika na, mara nyingi, kuungana na kromosomu namba 14, jirani na jeni ya kingamwili ambayo katika seli hizo haina usingizi. MYC hubaki macho kama bomba la maji lililoharibika koki. Seli haihitaji tena ruhusa ya nje.

Mwili una kinga nyingine: seli inayosukumwa kupita kiasi hujiua yenyewe. Saratani hii huishi kwa kuivuruga kinga hiyo pia, mara nyingi kwa kuharibika kwa jeni ya p53 na kwa msaada wa kirusi. Matokeo yake ni uvimbe unaoweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Lakini kasi hiyo ndiyo pia udhaifu wake, kwani dawa nyingi za saratani hushambulia seli zinazogawanyika. Katika miaka ya 1960, Kampala ikiwa haina mashine ya mionzi, Burkitt aliwapa watoto dawa hizo, na baadhi walipona kwa dozi chache tu, jambo lililowashangaza wataalamu wa Ulaya na Marekani.

Aliondoka Uganda mwaka 1966, na baadaye akajulikana zaidi kwa kuhimiza ulaji wa vyakula vyenye nyuzinyuzi, kama nafaka zisizokobolewa. Mwaka uliofuata, kituo cha kutibu saratani aliyoitambua kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Leo ugonjwa huo unatibika, ilimradi mgonjwa afikishwe mapema na amalize dawa. Kwa uvimbe unaokua kwa siku, mzazi anayengoja wiki kadhaa kuona kama utanywea wenyewe huupa nafasi ambayo Burkitt alitumia maisha yake kuinyima.